Mashine Inayonguruma Bila Punje

Pale Ngonga tarumbeta halilii peke yake bure. Yakilia mengi kwa pamoja, na ngoma kubwa ikiyajibu, watu wanajua ni Jumapili, au harusi, au mgeni wa kanisa. Lakini likilia moja tu, taratibu, bila ngoma, mwanamke aliye jikoni huepua chungu, mwanaume aliye shambani hulaza jembe, na wote huuliza neno moja: nani?

Mwenye kulipuliza hilo la peke yake alikuwa Anyitike. Bendi ya kanisa ilikuwa na wapigaji wengi, ila Mzee Ebeneza, kiongozi wao, alimkabidhi yeye kazi ya kutangaza misiba kwa sababu pumzi yake ilikuwa ndefu na haikutetemeka. Alimpa na sharti. "Nyumbani usilipulize, Baba Asifiwe. Hata kwa kujaribu. Mazoezi ni kanisani, tukiwa wote. Watu hawa hawajui kujaribu. Wakisikia, wanalia."

Anyitike aliitikia. Wakati huo kuitikia kulikuwa rahisi, maana alikuwa na mahali pa kujificha.

Mahali penyewe palikuwa mashineni kwake. Alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga, kwenye banda la bati kando ya njia ya kwenda mashambani. Msimu wa mavuno magunia yalipanga foleni hadi nje, na mashine ilinguruma tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mchana akishachoka, akishagombana na wateja juu ya nani alitangulia, akishameza vumbi la pumba hadi koo likawa kama msasa, alimwambia mkewe Tulinagwe ashike usimamizi kidogo. Naye aliingia chumba cha nyuma, penye vipuri na magunia matupu, akafunga mlango, akalitoa tarumbeta kwenye mfuko wake, akapuliza. Hakuna aliyesikia. Mashine ilimeza kila sauti. Alipuliza wimbo uleule wa msiba, kwa kuwa ndio wa kwanza kujifunza na vidole vyake viliuendea vyenyewe. Wengine ungewatia huzuni. Yeye ulimwosha. Alitoka humo mwepesi, anatania wateja, anabeba gunia begani kama anayebeba mtoto.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake. Akifanya kazi anapuliza, na akipuliza anapata nguvu ya kufanya kazi.

Kisha ikaja mashine mpya kule Ipyana, barabarani. Ilikoboa, ikapepeta, ikatoa mawe, ikapanga mchele mzima upande wake na chenga upande wake. Wafanyabiashara wa malori walisimama palepale kununua. Nani tena angebeba gunia kulileta kwa Anyitike, kisha alibebe tena kulipeleka barabarani? Mteja mmoja alihama, akahama na shemeji yake, akahama na ukoo mzima. Mavuno ya mwaka huo yalipofika, mpunga ulipita mbele ya banda la Anyitike juu ya pikipiki na baiskeli, ukampungia mkono ukaenda zake.

Na mashine ya Anyitike haikuwa chuma tu. Ilikuwa shamba la mikakao. Baba yake alipofariki aliacha mikakao iliyoanza kuzeeka, na mama yake, Yunis, ndiye aliyesema: "Uza. Miti inazeeka kama mimi. Nunua hiyo mashine, yenyewe haizeeki." Wajomba walikasirika, wakasema mtoto anakula urithi na mama anashika sahani. Yunis akawajibu mbele ya watu wote: "Mtakuja kukoboa kwake, na mtapanga foleni." Wakaja kweli, wakapanga. Kwa miaka kadhaa Yunis alikaa kwenye benchi mlangoni mwa banda, akisalimia kila mteja "Ugonile" kwa sauti ya mwenye mali. Sasa miguu ilikuwa imevimba, ametoka kulazwa hospitali hivi karibuni, na alikaa nyumbani. Kila jioni alimwuliza mwanawe swali lilelile.

"Leo wamekuja?"

"Wamekuja, mama."

"Foleni?"

"Kidogo."

Kama mashine ingekufa, wajomba wangekuwa wamesema kweli, na mama angekufa akijua hivyo. Hilo ndilo lililomnyima Anyitike usingizi.

Alijaribu kila kitu cha mtu anayejaribu. Alipunguza bei. Alipaka banda rangi. Alikwenda Mbugani kwenye semina ya wajasiriamali, ambako kijana mmoja aitwaye Eliud, mwenye tai na viatu vyenye ncha, aliwaambia kwamba biashara inaanzia kichwani. "Kila asubuhi simama mbele ya kioo," alisema Eliud. "Jiambie: mimi ni mshindi! Halafu tafuta kitu unachokipenda, kikupumzishe. Mjasiriamali asiyepumzika ni mgonjwa anayetembea."

Basi Anyitike alisimama mbele ya kioo cha kunyolea ndevu. "Mimi ni mshindi," alisema.

"Umesemaje?" Tulinagwe aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna."

"Nimesikia mshindi. Umeshinda wapi? Kama umeshinda, kuni zimeisha."

Kitu alichokipenda alikijua. Tulinagwe naye alikijua. "Nenda mazoezini, Baba Asifiwe," alimwambia kila Jumamosi. "Wenzako wako kanisani. Mashine nitakaa nayo mimi. Hakuna mtu."

"Na akija?"

"Akija nitamkobolea. Sijui kukoboa?"

"Akija akute mwenyewe hayupo, atasema nimekata tamaa."

"Kwani hujakata?"

Hakwenda. Alikaa bandani kumngoja mteja asiyekuja. Kiti kilikuwa kigumu, kimya kilikuwa kigumu zaidi. Kifua kilimbana kama mkanda uliokazwa kupita kiasi. Tarumbeta lilikuwa chumba cha nyuma, lakini bila mashine kuunguruma angelipulizaje? Kimya kingelipeleka Ngonga nzima.

Siku moja mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi.

Aliiwasha mashine tupu. Alijua vizuri anachofanya, na hapa ndipo mtu anatamani kumshika shati. Ndani ya mashine zile kuna rola mbili za mpira, zinazokaribiana zikasugua punje hadi ganda litoke. Punje ikikosekana, rola zinasuguana zenyewe kwa zenyewe, zinapata moto, zinalika. Ndiyo maana kuna gurudumu la kuzitenganisha, na mwendesha mashine yeyote hulizungusha mpunga unapoisha. Anyitike alizitenganisha. Lakini rola zikiwa zimeachana mashine ilitoa sauti nyembamba, ya mtu anayekoroma kwa adabu. Haikutosha kuficha tarumbeta. Akalikaza gurudumu kidogo. Akalikaza tena. Mashine ikanguruma kama zamani, kama ina gunia la mjomba tumboni.

Akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango, akapuliza hadi machozi yakamtoka, akatoka mwepesi.

Kesho yake alirudia. Na kesho kutwa. Ilikuwa na faida ya pili ambayo hakuitegemea: mama yake, kule nyumbani, alisikia muungurumo, na jioni hakuuliza tena kama wamekuja. Aliitikia kwa kichwa tu, akatabasamu. "Leo wamekuwa wengi," alisema mwenyewe. Anyitike alikula ugali wake ametazama chini.

Tulinagwe alinusa harufu kwenye shati lake. "Nini kimeungua?"

"Mkanda. Umeteleza."

Vijana wa pikipiki waliokaa njia panda hawakudanganyika. Waliona hakuna gunia linaloingia wala linalotoka. Mmoja wao, Lameck, aliyekuwa na ulimi kama wembe mpya, alitunga wimbo, na wenzake wakauchukua:

*Mashine ya Anyitike, yanguruma bila punje;*
*yu ndani na roho yake, mteja hayumo, yu nje.*

"Anakoboa nini mle?" aliuliza mwenzake.

"Upepo," alisema Lameck. "Daraja la kwanza. Hauna jiwe hata moja."

Anyitike aliwasikia. Angeweza kutoka akamshika Lameck shingo, na mwaka uliopita angemshika. Sasa alirudi ndani akawasha mashine, maana wimbo ule nao ulihitaji kufunikwa.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Wenzake walikuwa kanisani wakijiandaa kwa mazoezi. Mashine ilinguruma tupu. Anyitike alikuwa chumba cha nyuma, amefumba macho, ameegemea magunia matupu, na wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo sauti inapanda, inakaa juu, kisha inashuka polepole kama mtu anayeweka mzigo chini.

Umeme ukakatika.

Mashine ilishusha pumzi, ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza. Anyitike alisikia. Tusimsingizie kwamba hakusikia. Lakini katika kimya kile alisikia pia sauti ya tarumbeta lake ikiwa safi, peke yake, bila mngurumo wa chuma juu yake, na ilikuwa nzuri kuliko alivyoikumbuka. Alijiambia, ngoja nimalizie ubeti tu. Mtu hawezi kuiacha sauti juu hewani bila kuishusha. Akaishusha. Na iliposhuka, ubeti wa pili ukaanza wenyewe.

Alipofungua mlango wa banda, jirani yake Janeth, Mama Wilson, alikuwa amesimama katikati ya njia, mikono kichwani, ungo wake umeanguka.

"Yoo! Mama Yunis jamani!" alilia. "Mama yetu!"

"Mama Wilson, hapana. Hakuna msiba."

"Pole, mwanangu, pole! Kaa chini!"

"Nasema hakuna mtu aliyekufa!"

"Ndivyo mtu anavyosema," Janeth aliwaambia wengine waliokuwa wakija. "Na mimi mume wangu alipofariki nilisema hivyohivyo. Mshikeni asianguke."

Wanaume wawili wakamshika mikono. Kadiri alivyojitutumua ndivyo walivyomkaza kwa upendo. Wanawake wakajifunga khanga viunoni. Kilio kiliruka kutoka mji hadi mji, kikavuka migomba, na kundi zima likaelekea nyumbani kwa Yunis, wengine na mikungu ya ndizi, wengine na kuni, na wengine wengi na mpunga kwenye viroba, juu ya baiskeli na juu ya vichwa. Pikipiki ya Lameck ilibeba magunia mawili na mzee mmoja katikati.

Yunis alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, miguu imenyooka, akimenya ndizi. Tulinagwe alikuwa anafua. Kilio kiliingia uani kikilitaja jina la Yunis lote, la kwake na la baba yake, kisha kikamwona, kikakatika kipande kipande, kama mvua inayokwisha.

Yunis aliwatazama. Kisu kilibaki hewani.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Watu walitazamana. Mwishowe Janeth akasema kwa sauti ndogo: "Wewe, mama."

"Mimi?"

"Tarumbeta limelia."

Yunis aligeuka kumtazama mwanawe, ambaye bado alikuwa ameshikwa mikono miwili. Kisha akachukua ndizi nyingine. "Basi nimekufa vizuri," alisema. "Nyie wengi hivi! Na Lameck naye analia? Lameck, hilo chozi ni la kweli au vumbi?"

"La kweli, mama," alisema Lameck, akijifuta.

Kicheko kikatoka, kikiwa kimechanganyika na kwikwi. Wanaume wakamwachia Anyitike. Watu walikuwa na aibu, na aibu ilikuwa karibu kugeuka hasira, kwa maana kumlilia mtu aliye hai si mchezo. Kuna mtu alikwishaanza kuuliza nani amepuliza na kwa nini. Yunis aliiona hasira ikija. Akainyooshea kisu ile baiskeli ya mbele.

"Na huu mpunga ni wa nini? Maiti anakula na maganda?"

"Tulijua hapa kuna mashine, mama," alisema Janeth. "Nani abebe mchele kwenye mji wenye mashine? Tukasema tutakobolea hapahapa."

Uso wa Yunis uling'aa. Anyitike aliuona ukiwaka, akatamani ardhi immeze. Palikuwa na magunia na viroba vya kutosha kupanga foleni hadi nje.

"Basi msirudi navyo," alisema mama yake. "Nitawakobolea bure, kwa ajili ya miguu yenu. Mtakula mchele wa msiba wangu mimi mwenyewe nikiwatazama. Anyitike! Wapeleke. Umeme ukirudi uwakobolee wote. Tulinagwe, nipe fimbo, nakwenda na mimi."

"Mama, miguu yako," alisema Anyitike.

"Nimeshakufa. Miguu itanifanya nini?"

Wakaenda. Yunis alitembea katikati yao polepole, na watu walipunguza mwendo kwa ajili yake, kama wanaosindikiza. Walipofika, akakaa kwenye benchi lake mlangoni. Mzee Ebeneza alikuwa amewasili kutoka kanisani kwa baiskeli, kofia ya bendi kichwani, kitambaa cheusi tayari mkononi. Alipoambiwa hakuna maiti, alikirudisha kitambaa mfukoni, akasimama karibu na mlango wa chumba cha nyuma.

Watu wakakaa kusubiri. Anyitike aliomba kimoyomoyo umeme usirudi siku ile, wala kesho, wala mwezi ule. Kwa miezi alikuwa ameomba watu waje. Sasa walikuwa wamekuja wote.

Umeme ukarudi.

"Haya!" alisema Yunis.

Anyitike alimimina kiroba cha Janeth. Alilizungusha gurudumu, akalizungusha tena, hadi mwisho wake. Mashine ilinguruma, naye aliisikia ikitetemeka mahali ambapo haikuwa ikitetemeka. Mchele ukaanza kutoka.

Janeth aliukinga kwa kiganja, akausogeza kwenye mwanga. Nusu ulikuwa chenga, umesagika kama mchanga wa mtoni. Nusu ulikuwa mpunga uleule aliokuja nao, umekwaruzwa tu, ganda limeshika.

"Mbona hivi?" alisema.

"Ngoja, nirekebishe." Anyitike alikaza, alilegeza, alikaza. Ukatoka mbaya zaidi. Harufu ya mpira ikajaa banda.

"Hii hata kuku atauliza," alisema mtu nyuma.

Mzee Eliya, mmoja wa wajomba, alisogea mbele, akachota ule mchele, akaunusa, akaurudisha bila kusema kitu. Angesema ingekuwa nafuu.

"Zima," alisema Yunis.

Akazima. Mama yake aliomba aletewe ule mchele. Tulinagwe akamletea kwenye ungo. Yunis aliupapasa kwa vidole vyake vilivyokunjamana, mbele za watu wote, akitenga chenga upande mmoja na zenye maganda upande mwingine, mpaka ikaonekana wazi kwamba katikati hapana kitu.

"Rola zimekwisha," alisema. "Zimekwishaje? Wateja wale wote niliokuwa nawasikia, ulikuwa unawakobolea nini?"

Anyitike alifungua mdomo. Pumzi ile ndefu, isiyotetemeka, haikutoka.

Lameck, kule mlangoni, ndiye aliyekuwa na jibu, na kila kijana wa njia panda alijua jibu lake. Aliinamisha kichwa akachezea funguo za pikipiki.

Mzee Ebeneza aliusukuma mlango wa chumba cha nyuma. Tarumbeta lilikuwa juu ya magunia matupu, liking'aa, safi kuliko kitu chochote bandani. Alilichukua, akalitazama, akaitazama mashine, akaelewa yote mawili kwa mara moja.

"Ungekuja mazoezini," alisema kwa upole. "Tulikuwa tunakungoja."

"Niachie, mzee. Hilo tu. Niachie hilo."

"Siwezi, mwanangu. Siku litakapolia tena, nani atatoka?"

Akalitia kwenye mfuko wake, akaufunga kamba, akatoka nao.

Watu hawakujua namna ya kuondoka. Walikuwa wamekuja msibani, na msibani mtu haondoki hivihivi kama sokoni. Janeth ndiye aliyeanza. Aliufunga mchele wake ulioharibika kwenye khanga, akamwendea Anyitike aliyekuwa amekaa chini, mgongo kwenye mashine yenye joto, akainama, akampa mkono.

"Pole, Baba Asifiwe."

"Ndaga," alishukuru kwa lugha ya kwao.

Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine. Walipanga foleni bila kuambiwa. Wakampa mkono mmoja mmoja, wakasema pole, naye akaitikia kila mmoja, kisha wakapandisha magunia yao kwenye baiskeli na pikipiki. Mzee Eliya alitoa mkono wake akiwa wa mwisho, akaushika wa Anyitike kwa muda mrefu kuliko wengine. Lameck aliwasha pikipiki, magunia mawili nyuma, akasita kidogo kwenye njia. Kisha akakata kona kuelekea Ipyana, na wengine wakamfuata.

Alibaki mama yake kwenye benchi, ungo mapajani. Bado alikuwa akitenga.

"Mama, twende nyumbani," alisema Tulinagwe.

"Tangulieni," alisema Yunis, bila kuinua macho. "Mimi nangoja kidogo. Huenda akaja mtu."